Mashine ya Sikio kwa Aliyepoteza Usikivu Sana: Tafuta Mtaalamu Kabla ya Mashine

Napokea ujumbe mwingi kuhusu masikio, na karibu wote unauliza jambo moja. Baba hasikii hata akipigiwa kelele, tumnunulie mashine gani? Mke wangu alimaliza matibabu ya kifua kikuu sugu akawa hasikii, ni aina ipi itamfaa? Nimeona mashine mtandaoni kwa elfu hamsini, niagize?

Najua wengi mnataka nitaje jina moja mkalitafute dukani. Sitalitaja, na sababu nitaieleza. Aliyepungukiwa usikivu kidogo anaweza kusaidika na karibu mashine yoyote ya maana. Aliyepoteza sana hana bahati hiyo. Kwake yeye, mashine ya mamilioni iliyofungwa vibaya itaishia kabatini, na mashine ya bei ya kati iliyopangwa kwa kipimo chake inaweza kumrudisha kwenye mazungumzo ya familia. Mimi mwenyewe navaa mashine masikio yote mawili, na hata ndugu zangu nawaambia hivyo hivyo: tafuteni kwanza mtu atakayepima, atakayefunga na atakayetengeneza. Mashine ije baadaye.

## Sikio liangaliwe kwanza

Yako masikio yasiyohitaji mashine kabisa. Nta iliyokauka na kuziba tundu hutolewa kliniki kwa muda mfupi. Ngoma iliyotoboka na usaha wa muda mrefu vina tiba, na wakati mwingine upasuaji. Kwa hiyo anzia idara ya pua, koo na masikio. Hospitali kubwa za rufaa zinayo, kama Muhimbili kule Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, na Kenyatta ya Nairobi.

Usipitilize hadi kwa muuza mashine ukiwa na mojawapo ya haya:

- Usikivu umepotea ghafla, ndani ya saa au siku chache. Hii ni dharura. Dawa zinazoweza kuliokoa sikio hufaa zaidi zikianza mapema, kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi.
- Sikio linauma, linatoa usaha au damu.
- Sikio moja tu ndilo linalopungua, au linavuma upande mmoja tu.
- Una kizunguzungu, au uso umelegea upande mmoja.
- Unatumia dawa zinazoweza kuumiza usikivu, kama gentamaisini, streptomaisini, kanamaisini, au kwinini kwa kiwango kikubwa. Mweleze daktari, lakini usiiache dawa kwa uamuzi wako.

Na jamani, pamba za vijiti, funguo, pini za nywele na mafuta ya moto viacheni. Nta husukumwa ndani zaidi, na mafuta yakipita kwenye ngoma iliyotoboka mnaongeza tatizo la pili.

## Karatasi ya kipimo: isome wewe mwenyewe

Kipimo cha kweli hufanyika kwenye chumba kisichopitisha kelele. Unavaa spika za masikioni na kubonyeza kitufe kila unaposikia mlio, hata ule wa mbali kabisa. Kisha unawekewa kidude kwenye mfupa wa nyuma ya sikio na kupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoonyesha kama tatizo liko kwenye njia ya sauti, yaani tundu, ngoma na vijifupa, au liko ndani zaidi, kwenye sikio la ndani au mishipa ya fahamu. Programu za simu zinazodai kupima usikivu zinaweza kukushtua uende hospitali, na hapo kazi yake imeisha. Hakuna mashine yenye nguvu inayopaswa kupangwa kwa kipimo cha simu.

Utapewa karatasi yenye mchoro, inayoitwa audiogramu. Inasomwa hivi:

- Miduara myekundu ni sikio la kulia. Alama za X za buluu ni la kushoto.
- Kutoka kushoto kwenda kulia sauti zinapanda kutoka nzito hadi nyembamba, kwa kawaida hezi 250 hadi 8000.
- Kutoka juu kwenda chini ni desibeli. Alama inaposhuka, maana yake unahitaji sauti kubwa zaidi ndipo usikie.

Shirika la Afya Duniani huangalia wastani wa sikio lililo bora zaidi. Kati ya desibeli 65 na 80 huhesabiwa kuwa upotevu mkali, na kati ya 80 na 95 ni mkali mno. Makala hii ni kwa walioko hapo, na kwa wale wa 50 hadi 65 ambao usikivu wao unaendelea kushuka.

Omba nakala. Ipige picha, uitunze kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani. Kliniki itakayokataa kukupa nakala ya kipimo ulicholipia, achana nayo.

## Mtaalamu wa kumwamini anajulikana kwa majibu yake

Wauzaji wanajua kuvutia kwa maneno ya teknolojia. Wewe uliza mambo ya kawaida kabisa, na usione haya kuandika majibu mbele yao:

1. Mashine ikiharibika inatengenezwa hapa hapa au inapelekwa nje ya nchi? Huchukua muda gani? Wakati huo nitaazimwa nyingine?
2. Moldi, yaani kile kipande kinachoziba tundu la sikio, inatengenezwa wapi, na isiponikaa sawa itarudiwa bure?
3. Nitarudi mara ngapi kurekebishiwa bila kulipa tena?
4. Mna kifaa cha kupima sauti inayofika ndani ya sikio langu nikiwa nimevaa mashine?
5. Betri na mipira ya kuunganisha mashine hii na moldi mnayo leo? Nionyesheni.
6. Dhamana ni ya miaka mingapi, na je, inahusu jasho na unyevu?
7. Naweza kuijaribu nyumbani kabla ya kumaliza malipo?

Swali la nne ndilo linalotenganisha kliniki na duka. Mtaalamu huingiza mrija mwembamba sana sikioni kando ya moldi, kompyuta inatoa sauti za mazungumzo, na mstari kwenye skrini unaonyesha kama kweli sauti inafika pale unapoihitaji. Pasipo kipimo hicho anakisia, na kwa sikio lililopoteza sana kukisia ni hatari pande zote mbili. Sauti ikiwa ndogo huelewi kitu. Ikizidi, unaweza kuumiza hata usikivu mdogo uliobaki.

Kliniki nyingi za mikoani hazina kifaa hicho, nalijua hilo. Ukikikosa, angalau upimwe ukiwa umevaa mashine, mbele ya spika ndani ya chumba cha kipimo, na usomewe maneno huku midomo ya msomaji imefichwa. Kliniki isiyofanya hata hilo inauza bidhaa tu.

Na umbali? Kliniki nzuri iliyo saa mbili kwa basi ni bora kuliko iliyo bora zaidi ng'ambo ya bahari. Utarudi mara nyingi kuliko unavyodhani.

## Mashine yenyewe

Kwa upotevu mkali, chagua ile inayokaa nyuma ya sikio, ya daraja la nguvu kubwa, iliyounganishwa kwa mpira na moldi iliyofinyangwa kwa umbo la sikio lako. Mwili wake ni mkubwa kiasi, kwa hiyo hubeba betri kubwa na spika yenye nguvu, na maikrofoni hukaa mbali na tundu la sikio ili sauti isizunguke na kupiga mluzi.

"Lakini mimi nataka isiyoonekana." Ninaelewa, hasa kwa vijana na walimu na wanaoketi mbele ya watu. Hata hivyo, vile vidude vidogo vinavyozama ndani ya tundu havina nguvu ya kukufikia ulipo. Na mtu asiyesikia huonekana upesi kuliko mashine: anajibu yasiyoulizwa, anacheka wenzake wakiwa wameshanyamaza. Nywele, ushungi au kofia vitaificha mashine kwa kiasi kikubwa.

Watengenezaji wanaojulikana duniani si wengi: Phonak ya Uswisi, Oticon na ReSound za Denmark, Signia, Widex, na Starkey ya Marekani. Wote wana mashine za nguvu kubwa. Kati yao chagua ile ambayo kliniki yako ina programu yake, vipuri vyake na uzoefu nayo.

Mwombe mtaalamu karatasi ya vipimo vya mashine anayokupendekezea. Ndani yake kuna mchoro unaofanana na audiogramu, wenye eneo lililotiwa kivuli. Weka alama za sikio lako juu ya mchoro huo. Zinatakiwa ziangukie ndani ya kivuli na chini yake ibaki nafasi, desibeli 10 hadi 15 hivi. Alama zikikaa ukingoni, usikivu ukishuka kidogo tu mashine itakuwa imekushinda, na utakuwa umetupa fedha.

Ya kulipia, ukiweza:

- Uwezo wa kushusha sauti nyembamba. Wengi waliopoteza sana hawazipati kabisa *s*, *sh* na *f*. Mashine inayozishusha hadi mahali ambapo sikio bado lina uhai inasaidia, ingawa sauti huwa ngeni kwa wiki kadhaa.
- Maikrofoni ya mbali inayovaliwa na msemaji. Mashine hufanya kazi vizuri msemaji akiwa karibu, mita moja au mbili. Msikitini, kanisani, darasani na kwenye kikao cha ukoo, maikrofoni ya mbali itakufaa kuliko kupanda daraja la mashine.
- Kuunganishwa na simu. Angalia hapa kwa makini. Baadhi ya mashine huongea na simu yoyote yenye bluetooth, nyingine zinataka simu za aina fulani tu. Nenda na simu unayoitumia, piga na upokee hapo hapo.

Usidanganywe na idadi ya chaneli, wala na maneno kama "akili bandia". Vinaweza kuwa vizuri, lakini havichukui nafasi ya nguvu ya kutosha na moldi inayoziba.

## Vile vikuza sauti vya bei ya chini

Elfu hamsini mtandaoni, elfu thelathini kwenye meza ya barabarani. Hivyo hukuza kila kitu kwa pamoja: sauti ya mkeo, feni, pikipiki na sahani zinazooshwa. Havipangwi kwa audiogramu, na vingi havina ukomo salama wa sauti. Kwa aliyepoteza sana havifiki, na vikifika hupiga mluzi.

Ndugu walioko Marekani nao wanauliza. Tangu Oktoba 2022 nchi hiyo inaruhusu mashine za sikio kuuzwa dukani bila kipimo wala cheti, na nyingi ni bidhaa halali na nzuri. Lakini zimeruhusiwa kwa watu wazima waliopoteza usikivu kidogo hadi wastani. Kwa hiyo mjomba aliyeko Houston asimletee bibi mashine ya dukani. Amtumie fedha za kliniki.

Na mashine iliyotumika, au ya msaada? Inaweza kufaa kwa masharti haya: iwe na nguvu inayolingana na kipimo chako, mtaalamu wako awe na programu ya kuifungua, na utengenezewe moldi mpya. Kuna mashine zilizofungwa na kampuni zilizoziuza, hazipangiki kwingine. Uliza namba yake kabla haijasafirishwa. Moldi ya mtu mwingine usiivae kamwe, hata ya mzazi wako.

## Moldi ndiyo nusu ya kazi

Nitakaa hapa kidogo, maana malalamiko mengi ya "mashine mbovu" ni ya moldi mbovu.

Mtaalamu makini hulimulika sikio kwanza. Kisha huingiza ndani kipande kidogo cha sponji chenye uzi, kinachozuia dawa ya kufinyangia isifike kwenye ngoma. Akiruka hatua hiyo, mzuie. Baada ya hapo hutumia bomba kusukuma uji mzito wa silikoni. Ni baridi, unajaa taratibu, na kwa dakika chache upande huo wa dunia unazimika. Wengi hukuomba ufungue mdomo au utafune kidogo, kwa kuwa tundu hubadilika taya linapotembea. Uji ukiganda huvutwa pamoja na uzi, na unaliona umbo lote la ndani ya sikio lako, na kona zake. Hilo ndilo linalopelekwa kutengenezewa moldi.

Kwa sauti kubwa moldi ijaze bakuli lote la sikio, iingie ndani vya kutosha, na tundu la hewa liwe dogo sana au lisiwepo. Silikoni laini huziba vizuri zaidi. Plastiki ngumu ni rahisi kusafisha na kuivaa, na mzee ambaye mikono inamtetemeka huielewa haraka.

Sasa sikiliza kosa ninaloliona kila mara. Mashine inapiga mluzi, mhusika anarudi kliniki, fundi anapunguza sauti kwenye kompyuta, mluzi unanyamaza, kila mtu anafurahi. Mgonjwa anaondoka na mashine tulivu isiyomsaidia kusikia. Mluzi ukitokea unapoweka kiganja karibu na sikio au unapolalia mto, hilo ni la kawaida. Ukitokea unapotafuna au kugeuza shingo, moldi haizibi. Dai moldi nyingine, usikubali kupunguziwa sauti.

Mpira unaounganisha moldi na mashine huwa mgumu na wa njano. Ubadilishwe kila miezi mitatu hadi sita. Ni kazi ndogo, na mtu wa nyumbani anaweza kufundishwa.

## Betri au kuchaji

Mashine nyingi za nguvu kubwa hutumia betri namba 675, yenye kibandiko cha buluu. Nyingine hutumia namba 13, ya rangi ya chungwa. Mvaaji wa siku nzima huitumia 675 kwa wiki moja hadi mbili hivi, kutegemea nguvu ya mashine.

- Betri hizi hupumua hewa. Ukibandua kibandiko subiri dakika moja ndipo uiweke. Kukirudisha kibandiko hakuizuii kuisha.
- Nunua zenye tarehe ya mbele, na usizilundike za mwaka mzima.
- Usizitunze kwenye friji. Unyevu unaziua.
- Mtoto akimeza betri, nenda hospitali muda huo huo, usingoje itoke yenyewe.

Za kuchaji zinarahisisha maisha kwa mzee asiyeweza kushika betri ndogo. Kabla ya kuzichukua uliza mambo mawili. Je, chaja yake inakubali pawabenki, kwa siku za mgao wa umeme? Na betri ya ndani ikichoka baada ya miaka kadhaa, nani ataibadilisha na kwa bei gani? Kwa anayeishi mbali na umeme wa uhakika, bado napendelea betri za kawaida, ilimradi duka la kuzipata lipo.

## Pwani, jasho na maji

Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam mashine huharibiwa na unyevu kuliko kitu kingine. Alama ya IP68 ina maana kwamba imejaribiwa dhidi ya vumbi na maji. Ichague, lakini usiogelee nayo.

Kila usiku fungua mlango wa betri, weka mashine kwenye kopo linalofunga vizuri lenye vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uvibadilishe vinapochoka. Mchele haufai, una vumbi la unga. Usiianike juani wala juu ya jiko.

Asubuhi inua mpira dhidi ya mwanga. Ukiona matone madogo ya maji ndani, ndiyo yanayokata sauti. Chomoa moldi kwenye ndoano ya mashine, uyapulize kwa kipulizio cha mpira. Moldi ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ikiwa imetenganishwa, na mashine yenyewe isiguswe na maji.

Vua mashine:

- kabla ya udhu, maana masikio hupanguswa kwa mikono yenye maji;
- kabla ya kuoga, kusukwa, kupaka mafuta ya nywele au kujipulizia manukato;
- kabla ya kuvaa helmeti ya bodaboda, na uitie kwenye kasha lake, usiitie kwenye mfuko wa shati;
- kabla ya kuvua barakoa, kwani kamba zake zimetupa mashine nyingi chini.

Dada na mama zangu mnaovaa hijabu, ijaribuni mashine mkiwa mmeifunga hijabu yenu ya kila siku. Kitambaa kizito kinachobana sikio huleta mchakacho kwenye maikrofoni na mara nyingine mluzi. Kitambaa chepesi, au kufunga kwa kulegeza kidogo usawa wa sikio, hutatua.

## Jaribu nyumbani, ukiwa na daftari

Siku ya kwanza itakuchosha. Maji yanayochuruzika, karatasi, nyayo zako mwenyewe: ubongo uliokaa kimya miaka haujui la kuacha na la kushika. Anza saa chache kwenye nyumba tulivu, uongeze kila siku. Ipe mashine wiki kadhaa kabla ya kuhukumu. Lakini maumivu hayazoeleki. Sikio likiuma au kuchubuka, rudi mara moja.

Fanya majaribio haya na mtu wa nyumbani:

- Afiche mdomo kwa karatasi, asimame mita moja na nusu, aseme kwa sauti ya kawaida: *fika, shika, pika, suka, shuka, fuka*. Andika ulichosikia. Makosa yako ndiyo yanayomwonyesha mtaalamu sauti ya kurekebisha.
- Agonge mfuniko wa sufuria. Usikie kwa nguvu, usishtuke kwa maumivu. Ukiumia, ukomo wa juu wa sauti ushushwe.
- Muongee mkiwa na feni au redio.
- Upokee simu.

Andika mahali ulipokwama: "dukani sikumwelewa muuzaji", "nilimsikia mjukuu lakini si maneno". Sentensi hizo zinamfaa mtaalamu kuliko kumwambia "haifai". Rudi nazo baada ya wiki mbili au tatu.

Mnauliza pia kama sikio moja linatosha. Masikio yote mawili yakiwa bado yana usikivu wa kutumika, vaa mbili. Utajua sauti inatoka wapi, na kwenye kelele utaelewa vizuri zaidi. Fedha zikikuruhusu moja tu, chukua moja nzuri na moldi nzuri, usinunue mbili dhaifu. Mtaalamu aamue ni sikio lipi, kwa kuangalia linaloelewa maneno zaidi.

Wengine wanahofia kwamba mashine italilegeza sikio. Mashine iliyopangwa sawasawa hailiharibu, na kulinyima sauti kwa miaka hakujawahi kulisaidia.

## Fedha

Bei zinapishana sana: laki kadhaa hadi mamilioni ya shilingi za Tanzania kwa sikio moja, na makumi ya maelfu hadi laki kadhaa Kenya. Hesabu gharama kwa miaka mitano, maana ndiyo umri wa kawaida wa mashine. Ndani yake weka betri, mipira, moldi ya pili na nauli za kliniki. Ukimaliza fedha zote kwenye mashine, mwaka wa pili utaivua.

Bima yako ikuambie kwa maandishi inalipa nini na kwa miaka mingapi. Kenya, waulize Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kwa watoto vituo vya tathmini ya elimu (EARC) vilivyoko kwenye kaunti. Risiti iandike namba ya kila mashine. Bila hiyo huna dhamana.

## Mtoto

Kwa mtoto usingoje "atasema tu, hata baba yake alichelewa". Lengo linalotumiwa na wataalamu ni kupimwa kabla ya mwezi 1, kuthibitishwa kabla ya miezi 3, na kuanza msaada kabla ya miezi 6. Kuna kipimo kinachofanyika mtoto akiwa amelala, kwa hiyo udogo wake si sababu ya kuahirisha. Sikio lake linakua, moldi itabadilishwa kila baada ya miezi michache. Mashine iwe na kufuli ya mlango wa betri na kamba ya kuishikiza kwenye nguo.

Mfundisheni na lugha ya alama kuanzia sasa, na nyinyi mjifunze. Haimzuii kusema. Familia zilizo karibu na shule kama ile ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, zina mahali pa kuuliza.

## Ikiwa mashine haitoshi

Ukivaa mashine yenye nguvu iliyofungwa vizuri na bado husikii maneno, muulize daktari kuhusu kipandikizi cha ndani ya sikio. Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017; kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Ni gharama kubwa, na baada yake kuna mazoezi marefu ya kusikia. Aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo asingoje hata kidogo, kwa kuwa sikio la ndani linaweza kuanza kujaa mfupa na nafasi ya upasuaji ikapotea.

## Asubuhi mashine haisemi

Kabla ya kupanda basi kwenda kliniki, fuata mpangilio huu:

1. Weka betri mpya, baada ya ile dakika moja ya kusubiri. Kama ni ya kuchaji, irudishe kwenye chaja uone taa.
2. Angalia tundu la moldi. Nta itolewe kwa brashi au kitanzi kilichokuja na mashine, usitumie sindano.
3. Angalia mpira: matone, mkunjo, ufa.
4. Hakikisha hujabonyeza kitufe cha kuzima au kubadili programu.
5. Ifumbe mashine iliyowashwa kwenye kiganja, umwombe mtu anayesikia asogee. Ikipiga mluzi, inafanya kazi.

Isipopiga mluzi, ipeleke kliniki pamoja na moldi yake na risiti, na usiifungue kwa bisibisi. Ikipiga mluzi vizuri na wewe husikii kitu, yaelekea mashine ni nzima na huenda sikio ndilo lililobadilika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.